Meza ya Kupanda na Kushuka: Inatibu Nini, Haitibu Nini

Ukiingia duka la samani za ofisi Nairobi au Dar es Salaam siku hizi, huenda ukaonyeshwa meza ya umeme inayopanda na kushuka. Muuzaji atabonyeza kitufe, ubao utainuka polepole hadi usawa wa kiwiko cha mtu aliyesimama, kisha utaambiwa kwamba hiyo ndiyo dawa ya migongo, shingo na mabega ya wafanyakazi wako. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya meza ya kawaida. Anayetakiwa kuidhinisha malipo ana haki ya kuuliza kama maneno hayo ni ya kweli, na anayeumwa ana haki kubwa zaidi ya kujua.

Swali lenyewe si dogo. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi kiasi hicho waishi na ulemavu. Wengi wao hawajawahi kukalia kiti cha ofisi: ni wakulima, wabeba mizigo, wauguzi, mafundi. Hata hivyo anayeshinda mbele ya kompyuta naye ana fungu lake, na kwake shingo na mabega huenda vikamsumbua kuliko hata kiuno.

Jibu langu ni kwamba meza hii ni chombo kizuri kinachosifiwa kwa jambo lisilo sahihi. Inasifiwa kwa kumsimamisha mtu, ilhali faida yake kubwa iko kwingine.

Sababu tatu za Ramazzini

Maradhi ya watu wa ofisini yalichunguzwa kabla kompyuta haijafikiriwa. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya magonjwa yatokanayo na kazi mbalimbali. Katika toleo la mwaka 1713 aliongeza sura inayowahusu makarani na waandishi wa hati. Alitaja sababu tatu za mateso yao. Ya kwanza ni kukaa kutwa nzima. Ya pili ni mkono kurudia mwendo ule ule bila kukoma. Ya tatu ni akili kukazwa muda wote, karani akichelea kuharibu daftari au kukosea hesabu na kumtia bwana wake hasara.

Ramazzini alisimulia habari za mwandishi mmoja wa hati aliyemfahamu. Baada ya miaka mingi ya kuandika, mkono wake wa kulia ulilemewa na uchovu usiosikia dawa, mwishowe ukapooza. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Haukupita muda mrefu nao ukashikwa na maradhi yale yale. Alikuwa amebadilisha mkono, lakini kazi ilibaki na mwendo wake ule ule.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, orodha hiyo bado inafaa kuwa kipimo cha kila kifaa tunachouziwa. Meza ya kupanda na kushuka inagusa sababu ya kwanza. Inagusa ya pili kidogo, ikiwa imepangwa vizuri. Ya tatu haiigusi kabisa.

Kazi ndogo isiyo na zamu

Tumezoea kudhani kwamba misuli huumia kwa kubeba kizito. Ofisini mambo ni tofauti: nguvu inayotumika ni ndogo mno, ila haiachiliwi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Kikisimama wima juu ya mabega, shingo hukibeba bila taabu. Kikiinamia laptopu, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukizuia kisianguke, dakika baada ya dakika. Vivyo hivyo kwa mkono unaonyooshwa kuifuata mausi iliyowekwa mbali: bega linaushikilia hewani hata kama mwenyewe hahisi kwamba ameinua chochote.

Misuli haitumii nyuzi zake zote kwa pamoja. Kwa kazi nyepesi huita zile ndogo kwanza, na zile kubwa huitwa tu kazi inapozidi. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, alipendekeza kwamba hapo ndipo penye tatizo: nyuzi ndogo huanza kazi mkono unapoinuliwa na hazipumziki hadi mkono utakapolazwa kabisa. Nadharia yake akaipa jina la Cinderella, msichana wa hadithi za Ulaya aliyetumikishwa nyumbani kwao. Kwetu tungemtaja mama lishe anayefika kabla ya wote kuwasha moto na kuondoka baada ya wote: hakuna kazi moja inayomshinda, ila hana wa kumpokea zamu.

Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo nazo zina sababu yao ya kupenda mwendo. Kwa mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu ndani yake. Hulishwa na majimaji yanayopenya taratibu kutoka pembeni. Kubanwa na kuachiwa, kunakotokea mtu anapotembea, kuinama au kujigeuza, ni sehemu ya uhai wake.

Je, kukaa kwenyewe kunazibana diski kuliko kusimama? Katika miaka ya 1960, daktari wa Sweden Alf Nachemson alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai na kuona kwamba kukaa bila kuegemea kunazidisha shinikizo kwa kiasi kikubwa kuliko kusimama. Vipimo hivyo vilitia nguvu ushauri ambao bado tunausikia, wa kukaa wima kama askari. Kisha mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake, wa Ulm, Ujerumani, waliweka kipimo ndani ya diski ya mtu aliyejitolea. Akisimama, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.50, akikaa kawaida, 0.46, akijilegeza kitini kwa uvivu, likashuka hadi karibu 0.3. Huyo alikuwa mtu mmoja tu, na mtu mmoja hafanyi kanuni. Lakini tangu hapo imekuwa vigumu kudai kwamba kuna mkao mmoja mtakatifu na mingine yote ni dhambi. Mkao wowote ukishikiliwa mno huchosha, uwe wa wima au wa kulegea.

Uliza inashuka hadi wapi

Meza nyingi za ofisi zisizobadilika zina kimo cha sentimita 72 hadi 75. Mtu wa kimo cha sentimita 155, akikaa nyayo zote zikiwa zimetua sakafuni, kiwiko chake kwa kawaida huwa sentimita 60 hadi 65 kutoka chini. Kwa hiyo meza inamzidi kwa sentimita kumi hivi. Atafanya nini? Anaweza kuinua mabega kutwa nzima. Anaweza kutanua viwiko pembeni kama mabawa. Anaweza kupandisha kiti hadi viwiko vilingane na meza, na hapo miguu itaning'inia, ukingo wa kiti utabana mapaja, naye atasogea mbele na kuliacha eneo la kuegemea bila kazi. Njia zote tatu zinaishia kwenye bega, shingo au kiuno.

Mwenzake wa sentimita 185 akikaa kwenye meza hiyo hiyo, viwiko vyake vitalingana nayo bila shida. Kwake tatizo ni skrini iliyo chini mno, inayomlazimisha kuinamisha kichwa. Afisa ununuzi aliyeagiza meza hamsini za kimo kimoja ameagiza, bila kujua, maumivu ya aina mbili.

Hapa ndipo uwezo wa kurekebisha unapoonyesha thamani yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapouliza swali lisilo sahihi. Huuliza meza inapanda hadi wapi. Kwa wafanyakazi wengi wafupi, wakiwemo wanawake wengi, swali zito ni inashuka hadi wapi. Meza nyingi za bei nafuu zina miguu ya vipande viwili isiyoshuka chini ya takriban sentimita 70. Za vipande vitatu hushuka zaidi, na ni ghali zaidi. Kile kifaa kinachowekwa juu ya meza ya zamani ili kuinua kompyuta hakishushi kitu, na mara nyingi huongeza sentimita kadhaa hata kinapokunjwa. Mtu anaweza kulipia meza ya kisasa na bado akafanya kazi mabega yakiwa juu kila anapokaa, yaani kwa sehemu kubwa ya siku.

Laptopu ina kasoro yake yenyewe ambayo hakuna meza inayoweza kuiponya. Skrini na kibodi vimeunganishwa. Ukiiweka mikono inapostarehe, shingo inainama. Ukiiinua macho yanapostarehe, mikono inapaa. Dawa ni kuvitenganisha kwa kuongeza kibodi na mausi za pembeni na kuiinua laptopu, hata kwa rimu mbili tatu za karatasi, hadi ukingo wa juu wa skrini ukaribie usawa wa macho.

Utafiti umeona nini

Mwaka 2011 watafiti wa mjini Minneapolis, Marekani, waliwapa wafanyakazi 24 vifaa vya kufanyia kazi kwa kukaa au kusimama, na wengine 10 wakaachwa kama walivyokuwa ili kulinganisha. Katika wiki nne, waliopewa vifaa walipunguza kukaa kwa dakika 66 kwa siku, na maumivu ya shingo na sehemu ya juu ya mgongo yakapungua kwa asilimia 54. Vifaa vilipoondolewa, nafuu ilitoweka ndani ya wiki mbili. Takwimu hizi zinapendwa sana na wauzaji. Lakini watu walikuwa wachache, muda ulikuwa mfupi, na kila aliyeulizwa kuhusu maumivu yake alijua kama amepewa meza au hakupewa.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022. Wafanyakazi 756 wa halmashauri za Leicester, Liverpool na eneo la Manchester waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza liliendelea na mazoea yake. La pili lilipewa mafunzo, likawekewa malengo na wahamasishaji kutoka miongoni mwa wafanyakazi wenyewe. La tatu lilipewa hayo yote pamoja na meza ya kupanda na kushuka. Baada ya miezi 12, kundi la mafunzo peke yake lilikuwa limepunguza kukaa kwa dakika 22 kwa siku likilinganishwa na kundi la kwanza. Kundi lenye meza, kwa dakika 64. Kwa upande wa maumivu, nafuu iliyoonekana ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa ya miguu.

Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 34 zenye watu karibu 3,400, yalifikia hitimisho linalofanana na hilo: katika miezi ya mwanzo meza hizi hupunguza kukaa kwa takriban dakika 100 kwa siku, kisha tofauti hupungua, na ubora wa ushahidi ni wa chini. Mapitio mengine ya mwaka huo huo, yaliyoangalia majaribio 15 ya kuzuia maumivu ya shingo na mikono kwa watu wa ofisini, hayakupata kifaa kimoja chenye matokeo yasiyoyumba.

Kwa upande wa viti, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watumishi wa idara ya mapato ya jimbo moja la Marekani. Waliopewa kiti kinachorekebishika kwa kila namna pamoja na mafunzo ya kukitumia walipata nafuu katika maumivu yaliyokuwa yakiongezeka kadiri siku ya kazi ilivyosonga. Waliopewa mafunzo bila kiti hawakuipata. Ukiiweka habari hii kando ya ile ya Uingereza, unaona jambo moja: maelezo yasiyo na kifaa huzaa matunda machache, kwa kuwa mtu hawezi kurekebisha kisichorekebishika. Kifaa kisicho na maelezo nacho huishia kuachwa katika kimo kile kile kilichowekwa na fundi siku ya kukifunga.

Kusimama nako kuna gharama zake

Muuza duka, askari wa getini na mwalimu darasani wangeshangaa kusikia kwamba kusimama ni tiba. Wanajua miguu inavyovimba na kiuno kinavyokaza. Katika majaribio ya maabara yaliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, watu wazima wasio na historia ya maumivu ya mgongo waliombwa kufanya kazi nyepesi wakiwa wamesimama kwa saa mbili. Kati yao, wanne hadi saba katika kila kumi walianza kuumwa kiuno. Utafiti mwingine wa Kanada uliwafuatilia wafanyakazi 7,320 wa Ontario kwa miaka 12. Waliofanya kazi za kusimama muda mwingi walipatwa na ugonjwa wa moyo takriban mara mbili ya waliofanya kazi za kukaa, hata baada ya kuzingatia umri, elimu, uvutaji sigara na mambo mengine ya kiafya.

Haimaanishi kwamba meza ya kusimamia ina sumu. Mpishi wa hoteli hawezi kuketi anapotaka, ilhali mwenye meza ya kupanda na kushuka anaweza. Faida iko katika ruhusa hiyo ya kubadilisha. Akisimama saa nne mfululizo kwa kuwa amesikia kukaa ni hatari, ameacha tatizo moja na kuingia lingine. Aanze na dakika 15 au 20, akae, atembee hadi kwa mwenzake badala ya kumtumia ujumbe, kisha asimame tena.

Sababu ya tatu, na ofisi ya Propst

Mwaka 1964 kampuni ya samani ya Herman Miller ya Marekani ilitoa mfululizo ulioitwa Action Office, matunda ya fikra za Robert Propst na ubunifu wa George Nelson. Propst aliamini kwamba mtu anayefikiri anapaswa kujongea, na kwa hiyo alitaka sehemu za kufanyia kazi za vimo tofauti, ikiwemo meza ya kusimamia. Samani hizo zilikuwa ghali na hazikuuzika vizuri. Mwaka 1968 likaja toleo la pili, lenye kuta nyepesi za kupangwa na kupanguliwa. Kuta hizo makampuni yalizipenda, ila kwa lengo jingine: yalizifunga kwa pembe za mraba na kuwabananisha watu wengi katika eneo dogo. Wazo lililozaliwa kumpa mfanyakazi mwendo likaishia kumfungia kwenye kisanduku.

Hatari hiyo bado ipo. Meza inaweza kupanda, lakini mfanyakazi wa kituo cha simu ambaye kila dakika ya kwenda msalani inahesabiwa hatafaidi sana. Karani anayehofia kuonekana mvivu akisimama peke yake katikati ya wenzake waliokaa hatabonyeza kitufe. Tafiti nyingi zimehusisha maumivu ya shingo na mgongo na wingi wa kazi, muda finyu, kutokuwa na sauti juu ya kazi yako na kukosa msaada wa wakubwa. Msongo wa mawazo hukaza misuli ya mabega, hukata usingizi na kufanya mwili uyasikie maumivu kwa ukali zaidi. Ramazzini alipomtaja karani anayeogopa kukosea hesabu, alikuwa akigusa jambo hilo hilo.

Sheria zinalitambua. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini linamtaka mwajiri kupanga kazi ili ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko au kwa shughuli nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe sehemu ya kazi, vifaa na majukumu vinamfaa mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga dhidi ya msongo wa akili. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Ukaguzi ukija, macho huenda kwanza kwenye mitungi ya kuzimia moto na milango ya dharura, na ni haki. Lakini kimo cha meza na mpangilio wa saa za kazi navyo ni mambo ya usalama.

Pesa ianzie wapi

Kwa ofisi yenye bajeti ya kawaida, mpangilio wa busara ni huu. Kwanza yafanyike yasiyo na gharama: mapumziko mafupi yasiyohitaji kuombewa ruhusa, vikao vifupi vya kusimama, simu zipokelewe kwa kutembea, kazi ya kuchapa ichanganywe na nyingine. Pili, vitu vya bei ndogo: kibodi na mausi kwa kila anayetumia laptopu, kitu cha kuinulia skrini, kijukwaa cha miguu kwa wale ambao meza inawazidi. Tatu, viti vyenye kimo, egemeo na mikono inayorekebishika, na mtu wa kumfundisha kila mmoja kukirekebisha chake.

Ndipo ije meza ya kupanda na kushuka, na isigawiwe kwa cheo. Waanze wale ambao vimo vyao haviwiani na meza zilizopo, wale ambao kukaa muda mrefu kunawazidishia maumivu, na meza zinazotumiwa na watu wa zamu. Meza moja inayokaliwa na watu watatu kwa siku inahitaji kubadilika kuliko ile ya mkurugenzi anayeshinda vikaoni.

Anayeumwa naye asisubiri samani. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujongea, na picha ya diski iliyochakaa si hukumu: mapitio ya mwaka 2015 yalionyesha uchakavu huo kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasioumwa popote. Lakini mguu ukipoteza nguvu, mtu akishindwa kuzuia haja, akifa ganzi katikati ya mapaja, au maumivu yakiambatana na homa au kukonda bila sababu, hospitali ni siku hiyo hiyo.

Anayeidhinisha ununuzi amuulize muuzaji maswali mawili: meza inashuka hadi sentimita ngapi, na nani atakuja kuwafundisha watu. Swali la tatu ajiulize mwenyewe: kesho asubuhi, mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa atakaposimama, akanyoosha mgongo na kutembea dakika tatu, kuna atakayemwuliza anaenda wapi? Kama yupo, meza isubiri hadi mazoea hayo yabadilike kwanza.